Safari ya Ng'ombe, Upande wa Pili

Kaseti iliyokaa miaka mingi ndani ya kopo la biskuti ina harufu yake. Ni plastiki, kutu, mafuta ya nywele ya watu walioishika, na kwa hii yetu, vumbi la pamba. Nililifungua kopo siku ya pili baada ya kumzika baba. Nilikuwa nimekaa chumbani kwake kwa sababu kila kiti kingine pale nyumbani kilikuwa na mgeni. Nilikuwa nimechoka kupokea pole. Nilikuwa nimechoka hata kulia, maana kulia nako ni kazi, na ninyi wa rika langu mmeshazika wa kutosha kujua ninachosema. Nikalivuta kopo kutoka chini ya kitanda ili mikono ipate la kufanya.

Juu ya kaseti kuna mwandiko wa baba: Dhahabu Nyeupe. Upande wa kwanza una nyimbo fupi fupi. Upande wa pili una wimbo mmoja tu, Safari ya Ng'ombe, umeula upande mzima peke yake. Mtu ambaye hakukulia Bariadi enzi zile atadhani ni kosa la aliyerekodi. Halikuwa kosa. Wimbo ndivyo ulivyokuwa, na kwa ajili ya urefu wake nimewasikia watu wazima wakiitana majina ambayo siwezi kuyaandika wakati mama yangu bado yu hai na anasoma.

Dhahabu Nyeupe ilikuwa bendi ya ushirika wa pamba. Siku zile kila shirika lililojiheshimu lilikuwa na timu ya mpira na bendi, na wanamuziki waliandikishwa kama wafanyakazi. Mpiga besi aliandikishwa mlinzi. Mpiga solo, mtu mwembamba aliyekuwa akiongea kwa nadra, aliandikishwa fundi mitambo, na waliosema ukweli walisema ni heri mashine iharibike yeye akiwa hayupo, asije akaimaliza kabisa. Baba alikuwa kwenye kinu hicho hicho cha kuchambulia pamba, upande wa kufunga robota. Alirudi nyumbani na nyuzi nyeupe kwenye nyusi na masikioni, na mimi nikiwa mdogo sana niliamini kwamba kazi ile humzeesha mtu kutwa nzima, halafu mama humwogesha akawa kijana tena kabla ya chakula.

Jumapili mchana bendi ilipiga bugi, dansi la mchana, kwenye ukumbi wa ushirika, na watoto tuliruhusiwa kuingia. Safari ya Ng'ombe ulipigwa mwishoni, wakati watu wameshatoka jasho. Ulianza na kengele za ng'ombe peke yake, kengele za kweli zilizofungwa kwenye kamba, na mtu anapiga mluzi wa kichungaji. Besi iliingia polepole baadaye sana. Halafu ukaja ukame: magitaa yakakonda mpaka ukasikia watu wakikohoa ukumbini. Halafu mto ukajaa, zikaja ngoma za kulimia tulizozijua kutoka vijijini, na magitaa yakapigana nazo. Maneno yalikuwa mwishoni kabisa, mistari michache, baada ya ng'ombe kuvuka. Baba aliurekodi kwa kuweka redio kaseti yake juu ya kiti mbele ya spika, akasimama hapo kuilinda isigongwe na wachezaji. Ndiyo maana katikati, pale kwenye ukame, zinasikika sauti mbili za wanaume. Mmoja anauliza, "Sasa huu unaisha lini?" Mwingine anajibu, "Nyamaza wewe. Bado haujaanza."

Aliyeuliza ni baba mdogo Maduhu. Aliyejibu ni baba.

Maduhu hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa mwenyeji wa Mkula aliyekuja Bariadi kuwa karani wa mizani wa ushirika, akakutana na baba kwenye foleni ya bugi, na kufikia kuzaliwa kwangu alikuwa ameshakuwa mtu wa kwetu kiasi kwamba mimi nilimwita baba mdogo na mama alimkaripia kama shemeji. Baba alizaliwa Mgika na Maduhu alizaliwa Mgalu. Ngoma zetu za Kisukuma zina pande hizo mbili, na mtu huzaliwa upande wake kama anavyozaliwa kwenye ukoo. Watu wa pande mbili wana ruhusa ya kutaniana mpaka mgeni adhani wanataka kuuana.

Kila Jumapili ambayo hakukuwa na bugi, mashabiki walikuja kwetu. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni, mama akawatolea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, na baraza likaanza. Lilikuwa na utaratibu wake. Kila mtu alitaja wimbo bora kuliko yote ya Dhahabu, kisha mbaya kuliko yote, na aliyetaja mbaya ndiye aliyetakiwa kutoa sababu, kwa kuwa kusifu ni rahisi. Karibu wote walikubaliana kwamba mbaya ni Nyunyizia kwa Wakati, wimbo ambao wakubwa wa ushirika waliiagiza bendi itunge ili wakulima wapulize dawa ya wadudu. Mimi niliupenda kimoyomoyo kwa sababu tulifundishwa shuleni na nilijua maneno yote. Mama naye aliupenda, akasema angalau una faida.

Kwa baba wimbo bora ulikuwa Safari ya Ng'ombe. Kwa Maduhu huo huo ndio ulikuwa mbaya, mbaya kuupita hata ule wa dawa ya wadudu.

"Hauchezeki," alisema Maduhu.

"Si kila wimbo ni wa kuchezwa. Mwingine unasikilizwa."

"Nikitaka kusikiliza ng'ombe nitakwenda kwa shangazi kule Mkula, na maziwa nitapewa."

"Wewe hujawahi kuusikiliza mpaka mwisho. Kila ukifika kwenye ukame unatoka nje kuvuta sigara."

"Ningekaa nife kiu humo ndani?"

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," baba alisema, na kila mtu akajua chura ni nani.

Mishipa ya shingo iliwatoka. Maduhu alisimama, akakaa, akasimama tena. Baba alimwita karani asiyejua kupima chochote ila gunia. Mzee Rajabu, mwenye duka la pale njiani, Mrangi aliyekuja Bariadi kufuata biashara, aliletwa kuwa mwamuzi kwa sababu alisema yeye hasikilizi dansi, ingawa sote tulishamsikia akiimba Shemeji Usinune, wa Dhahabu hao hao, huku akipima sukari. Kaseti nayo ilikuwa ikilia, na mkanda ulipofika kwenye zile sauti mbili wote walinyamaza, wakazisema kwa pamoja, "Nyamaza wewe, bado haujaanza," wakacheka, kisha ubishi ukaendelea pale ulipoachwa.

Mimi sikucheka. Hili ndilo nililolielewa vibaya, na ndilo linalonichosha hadi leo nikilikumbuka. Niliamini wanachukiana. Nilidhani baba mdogo huja kwetu kila Jumapili kwa sababu ana hasira ambayo haijaisha, na kwamba siku moja mmoja wao atamwumiza mwenzake. Kanisani, mchungaji alipotuambia tufumbe macho kila mtu aombe lake, mimi niliomba Mungu awanyamazishe baba na Maduhu.

Kisha mambo ya pamba yakabadilika. Mtoto haoni mabadiliko ya nchi, anaona malori. Yalikuja malori mapya yenye rangi za kung'aa, wanunuzi binafsi kutoka Mwanza, wakaweka mizani zao kando ya barabara, wakalipa palepale. Ushirika uliwaambia wakulima wasubiri. Wakulima walikuwa wameshasubiri sana. Kinu kikaanza kunguruma siku moja, kikakaa kimya siku nyingi. Bugi likafutwa. Vyombo vya bendi vikafungiwa stoo pamoja na magunia matupu, na mpiga solo akaondoka bila kuaga, kama ilivyokuwa tabia yake. Baba aliendelea kwenda kinuni kila asubuhi na kurudi na nyusi nyeusi. Nilifurahi, nikadhani sasa kazi haimzeeshi.

Maduhu akaajiriwa na mmoja wa wale wanunuzi. Walihitaji mtu anayejua mizani na anayejulikana na wakulima, wakampa pikipiki. Alikuja nayo Jumapili, akaiegemeza kwenye ukuta wa jikoni, na hakuna aliyeisifu isipokuwa mimi. Siku hiyo baraza lilianza kama kawaida, ila matobolwa yalibaki.

"Wimbo ule ndio ulioua bendi," alisema Maduhu. "Watu walilipa kiingilio wacheze, mkawaletea mifugo."

"Bendi imeuawa na malori yenu," alisema baba. Hakupaza sauti.

"Lori halijui gitaa, Baba Kabula."

"Linajua kubeba pamba. Pamba ikienda Mwanza, kinu kitakula nini? Na kinu kikifa, mpiga besi atalipwa na nani?"

"Ushirika ulikuwa unakufa kabla sijapanda lori la mtu. Wewe unajua. Pima mambo kama yalivyo."

"Wewe ndiye mwenye mizani."

Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Wengine walitazama chini. Mimi nilishika neno moja tu katika yote yaliyosemwa, kwamba wimbo ndio ulioua bendi. Niliuona kinu kimya, stoo imefungwa, baba anatoka asubuhi na kurudi hana alichofanya, nikaunganisha. Yote yametokea kwa sababu wimbo aupendao baba ni mbaya. Kama ingethibitishwa kwamba ni mzuri, kinu kingenguruma tena.

Mzee Rajabu ndiye aliyeokoa siku. Alikohoa, akasema, "Ninyi si mna desturi yenu ya ngoma? Pelekeni nyimbo uwanjani, watu waamue."

Desturi yenyewe ni hii. Wakati wa mashindano, kundi la Wagalu na kundi la Wagika hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake. Hakuna wa kutoa alama. Watu hutembea wenyewe, na kundi lililovuta wengi ndilo limeshinda. Kwa hiyo kila kundi hutafuta cha kuwavutia: hawa wanatembea kwa miti mirefu iliyofungwa miguuni, hawa wanaleta chatu, na wote, tuliambiwa, wana dawa.

"Sawa," alisema Maduhu. "Redio mbili, magoli mawili. Mimi Shemeji Usinune, wewe mifugo yako. Nikishinda, pamba ya shamba lako msimu huu inapimwa kwenye mizani yangu. Uache kukaa na pamba ndani inaliwa na panya kwa ajili ya heshima."

Baba alifikiri. Tulikuwa na shamba la pamba nje ya mji, na alikuwa ameapa kwamba hatauza hata kilo moja nje ya ushirika. "Nikishinda mimi," alisema, "unarudi hapa kila Jumapili kama zamani, bila pikipiki. Na unakaa chini unausikiliza wimbo wote mpaka mwisho."

Wakapeana mikono. Nilikimbilia nyuma ya nyumba. Niliona kwamba baba akishindwa tutakuwa tumepoteza vyote, pamba na kinu na Maduhu mwenyewe, ambaye pamoja na hasira zake zote ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi.

Baba hakuwa na betri mpya. Tulianika zile za zamani juu ya bati la banda la kuku, na mimi nilizigeuza kila nilipopita ili jua lizikolee pande zote. Watoto wa sasa hawajui kwamba betri huanikwa kama mtama. Bibi yangu mzaa mama, aliposikia mambo ya uwanjani, alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza kama baba yangu ana dawa ya kuvuta watu. Nilisema hana. Akaniita mama kwa Kisukuma, "Basi mayu, atashindwa," akaendelea kuchambua choroko.

Uwanja wa shule ulijaa kuliko siku ya mechi. Habari ilikuwa imeshaenea, na watu hawakuwa na kazi nyingi. Maduhu alikuja na redio mpya ya spika mbili, akaiweka juu ya pikipiki kwenye goli la upande wa barabara. Baba aliweka yetu juu ya kiti kile kile cha ukumbini, alichokuwa amekiomba kwa mlinzi, kwenye goli la upande wa mtoni. Mzee Rajabu alipunga kofia yake, wakabonyeza.

Shemeji Usinune ulianza na gitaa lililowainua watu miguu kabla ya kufikiri. Vumbi likatimka. Upande wetu kulikuwa na kengele na mluzi. Watu waliokuwa katikati ya uwanja waliteremka kwa Maduhu kama maji yanavyofuata mfereji. Tulibaki baba, mama na mimi, wazee wachache ambao nadhani walikuwa wamechoka kutembea, na fundi mmoja wa kinuni aliyesimama ameinamisha kichwa. Wimbo wa Maduhu uliisha akaurudisha mwanzo, watu wakashangilia. Wetu ulikuwa umefika kwenye ukame. "Sasa huu unaisha lini?" redio iliuliza, na hakuna aliyekuwepo wa kuitikia. Nikamshika baba kidole. Hakuwa anatazama watu; alikuwa anatazama redio.

Ilikuwa saa ya mifugo kurudi kutoka kunywa maji. Makundi mawili matatu hupita pembeni ya uwanja huo kila jioni. Ukame ulipokwisha, kengele zikarudi kwenye wimbo na yule mtu akapiga tena mluzi wake. Ng'ombe wa mbele, mweusi mwenye kengele shingoni, akasimama. Akainua masikio. Kisha akaiacha njia akaja kwetu, na wenzake wote wakamfuata. Mchungaji alipiga kelele na kuzungusha fimbo bila kusikilizwa, kwa kuwa mluzi wa kwenye redio ulikuwa wa mchungaji bora kuliko yeye. Wakakizunguka kiti cha baba, wakasimama wakipumua. Mweusi akainusa redio.

Watu upande wa barabara waligeuka. Mmoja akacheka, wakaanza kuja, kwanza watoto, kisha wote, wakikimbia. Shemeji Usinune ukabaki unawapigia pikipiki na vumbi.

Maduhu alifika akihema. "Hawa hawahesabiwi! Wamekuja kuona ng'ombe, hawakuja kusikiliza wimbo."

"Kwenye ngoma watu huja kuona chatu," alisema baba. "Ulishasikia Mgalu akisema waliokuja kuona chatu watolewe kwenye hesabu?"

"Chatu huletwa. Hawa wamejileta."

"Ndiyo ujue wimbo ni mzuri."

"Ng'ombe ana akili gani ya muziki?"

"Kuliko karani."

Kila mtu alicheka, na Maduhu akacheka, na baba, ambaye sikuwa nimeyaona meno yake tangu bugi lifutwe, alishika tumbo akaegemea ng'ombe wa watu. Mjadala ukalipuka uwanja mzima: ng'ombe ni mtazamaji au si mtazamaji. Mzee mmoja alisema kwamba kwa Msukuma ng'ombe anahesabiwa hata kwenye ndoa, sembuse uwanjani. Katikati ya hayo betri zetu zikaishiwa. Ngoma za mtoni zikapungua mwendo, magitaa yakazama yakawa sauti ya mtu mzito anayesinzia, na wimbo ukafa kabla ng'ombe wa kwenye kaseti hawajavuka.

"Haujaisha," alisema Maduhu. "Mashindano yasiyoisha hayana mshindi."

Mzee Rajabu alivaa kofia yake. "Hukumu Jumapili ijayo, kwa Baba Kabula. Leo nimechoka."

Jumapili ile mama alikaanga karanga nyingi. Mzee Rajabu alikuja na kofia mpya. Maduhu hakuja. Msimu wa kununua ulikuwa umefunguliwa, na mwajiri wake alikuwa amempeleka na lori Kalemela, na kutoka huko hadi Kiloleli, na watu wa malori hawajui Jumapili. Hakuja iliyofuata pia. Mzee Rajabu hakutoa hukumu, kwa kuwa hukumu haitolewi mmoja wa wahusika akiwa hayupo, na baada ya muda naye akaacha kuja. Ukuta wa jikoni ukabaki na kivuli chake.

Kinu kilifungwa. Wafanyakazi waliambiwa warudi nyumbani wataitwa. Baba alikaa na pamba ndani msimu ukielekea mwisho, panya wakaingia kama alivyosema Maduhu, na asubuhi moja, bila kumweleza mtu, alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akapakia magunia, akaniambia nipande. Hakuna aliyekuwa ameamua kwamba ameshindwa. Aliamua mwenyewe.

Kwenye mizani kando ya barabara kulikuwa na foleni, na mbele yake alisimama Maduhu amevaa shati lenye mifuko miwili. Nilijificha mgongoni kwa baba nikisubiri matusi. Nilijua itakuwaje. Atasema, umeleta mifugo yako? Na baba atamwita chura.

"Mwadila, mzee wangu," alisema Maduhu, akimpa salamu ya mchana.

"Mwadila, bosi," alisema baba.

"Mhola?"

"Mhola duhu." Salama tu.

Maduhu alipima pamba yetu taratibu. Alipima vizuri, alilishika gunia kwa mikono miwili lisiguse chini. Alimwonyesha baba mshale, baba akaitikia kwa kichwa bila kuusoma. Wakashukuriana. Nilikuwa sijawahi kuwasikia wakishukuriana. Moyo wangu ulijaa furaha, nikamshukuru Mungu hapo hapo kwa kuwa amejibu, hata kama alichelewa.

Njiani nikauliza, "Baba, mmepatana?"

Aliwaswaga ng'ombe mpaka tukapita daraja. "Ndiyo," alisema. "Tumepatana."

Nilimwimbia Nyunyizia kwa Wakati mpaka nyumbani ili afurahi zaidi.

Sijui ni mwaka gani nilielewa. Hakuna siku mtu huamka ameelewa. Nakumbuka tu mchana mmoja baba akiwa amekaa peke yake kwenye kivuli kile na redio miguuni, Safari ya Ng'ombe umefika kwenye ukame, na mama akatoka jikoni, akafuta mikono kwenye kanga, akasema kwa sauti ya mtu aliyejilazimisha, "Mimi naona wimbo huu ni mbaya. Hauchezeki." Alisimama akisubiri. Baba alimtazama kwa upole sana. "Ni kweli, Mama Kabula," alisema. "Una kasoro zake." Mama akarudi jikoni, na kutoka mahali nilipokuwa nikiosha vyombo nilimwona ameegemea mlango amejifunika uso. Ndipo nikaanza kushuku kwamba niliomba vibaya.

Waliishi hivyo miaka yote iliyobaki, mzee wangu na bosi, wakisalimiana vizuri kwenye misiba na harusi za watu. Pikipiki iliisha, lori liliisha, wanunuzi wengine wakaja na kuondoka. Maduhu alihamia Kiloleli kwa mwanawe. Baba hakuwahi kumsema vibaya, na mimi ningelipa chochote nimsikie akimsema vibaya.

Basi nilikuwa nimekaa na kaseti ile mkononi, siku ya pili ya matanga, wakati mtoto wa kaka yangu aliposukuma mlango akasema kuna mzee ametoka Kiloleli, anauliza kama Kabula yupo.

Alikuwa amekonda. Alikuwa na fimbo, na shati lile lile au la aina ile ile, mifuko miwili. Nilipiga magoti nikamwamkia. Alinishika kichwa, akaniita mayu, akasema pole, na sauti yake ilikuwa ya adabu, ile ile ya kwenye mizani, nikahisi uchovu wote wa siku zile umenirudia. Kisha akaiona kaseti.

"Bado ipo?"

"Ipo, baba mdogo."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha baba. "Redio je?"

Redio ilikuwepo. Mtoto alikimbia kwenye duka ambalo sasa ni la mwana wa Mzee Rajabu akaleta betri. Niliingiza upande wa pili. Kengele zikalia, mluzi ukapigwa, na wageni nje wakanyamaza. Mama akaja taratibu akakaa mlangoni. Besi iliingia. Magitaa yakakonda.

"Sasa huu unaisha lini?" aliuliza Maduhu kijana.

"Nyamaza wewe," alisema baba. "Bado haujaanza."

Midomo ya mzee pale kitandani ilikuwa inatembea pamoja na maneno hayo. Hakutoka nje kuvuta sigara. Alikaa ameishika fimbo kwa mikono miwili, mto ukajaa, ngoma zikaja, ng'ombe wakavuka, mistari ile michache ikaimbwa, na mkanda ukaenda mpaka ukajizima wenyewe kwa kishindo kidogo. Machozi ya Maduhu yalikuwa yamefika kwenye kola na hakuyafuta.

"Kabula," alisema.

"Abee, baba mdogo."

"Nimesikiliza wote."

"Nimeona."

"Ni mbaya." Akagonga fimbo sakafuni. "Ni mbaya kuliko nyimbo zote za Dhahabu. Ni mbaya kuliko ule wa dawa ya wadudu. Na baba yako alikuwa mbishi asiyejua muziki, amekufa hajui."

Mama, pale mlangoni, alifunika mdomo kwa kanga. Mimi nilitafuta cha kusema, nikakuta kimeshakaa tayari, kimenisubiri tangu nilipokuwa nageuza betri juu ya bati.

"Hukuisikiliza vizuri sehemu ya mto," nilimwambia. "Wewe karani unajua nini?"

Akanigeukia polepole, macho yamemtoka, na mishipa ya shingo yake ya kizee ikaanza kusimama. Nikatoa kaseti, nikachukua kalamu, nikaanza kuirudisha nyuma kwa mkono ili betri zitoshe.